Uganda: Mkaa mbadala hautaki haraka

Mwezi Mei 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa agizo la kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi hiyo, ambako miti ilikuwa ikikatwa ili kulisha majiko ya mijini. Nyama, hata hivyo, haijaacha kuchomwa. Jibu mojawapo ni mkaa mbadala: vitofali vya vumbi la mkaa, maganda ya ndizi au pumba za mpunga, vilivyoshikamanishwa kwa uji wa muhogo au udongo.

Aliyezoea mkaa wa mti huviwasha vitofali hivyo kwa mazoea yale yale, akapata moshi mtupu na kukata tamaa. Kitofali kimeshindiliwa, hewa hukipenya kwa shida, hivyo huchelewa kushika moto. Njia rahisi ni kutandaza chini mkaa kidogo wa mti uliokwisha kuwaka, kisha kupanga vitofali vikavu juu yake na kuacha nafasi ya hewa. Huchukua takriban dakika 20 hadi 30. Moshi ukikoma na majivu ya kijivu yakivifunika, ndipo nyama iwekwe. Mafuta ya taa huiachia nyama harufu, na kuyamwagia makaa yenye moto ni hatari.

Kwa wachoma kuku wa Namawojjolo, katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, ambako abiria hununua wakiwa dirishani, kuchelewa huko ni hasara, isipokuwa jiko liwashwe mapema. Faida yake huonekana baadaye: moto hutulia na kudumu.

Vitofali virundikwe upande mmoja wa jiko, ili upande wa pili ubaki na joto la wastani la kuivisha minofu minene hadi ndani. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto kupanda, sogeza nyama. Usimwage maji, kwani kitofali kikilowa humomonyoka. Majivu ni mengi, hasa penye udongo, nayo huziba matundu ya jiko. Yagongwe taratibu yadondoke, bila kuvichokoa vitofali. Vya nyongeza viwekwe pembezoni kabla vya kwanza havijafifia.

Usiku, jiko linaloonekana limezimika lisiingizwe ndani. Chini ya majivu, vitofali huweza kuendelea kuwaka kwa saa kadhaa vikitoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Libaki nje hadi majivu yapoe kabisa.