Kikulacho Kinapofanywa Mchezo

Jioni moja nilirudi kutoka zamu ya mchana nikakuta wali umeungua. Nilipouliza nani aliachiwa jiko, binti yangu aliye kidato cha tatu akamnyoshea kidole mdogo wake. "Ni huyu, Mama. Amefanya makusudi. Huyu ndiye fuko." Mdogo wake akaja juu, akasema fuko ni dada, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshtaki mwenziwe. Baba yao alikuwa kitini anacheka. Katika nyumba yangu mwenyewe, mimi peke yangu sikujua kinachozungumzwa.

Kumbe walikuwa wameanza kutazama mchezo mmoja wa mashindano kwenye Netflix unaoitwa The Mole, yaani Fuko. Nikaona afadhali nikae nao niutazame kabla ya kuupiga marufuku. Nilikaa. Na akina mama wenzangu, nitasema ukweli: usiku ule nililala saa saba.

Fuko tunamjua sisi tuliolima. Juu ya ardhi huoni kitu, mihogo imestawi, majani ni ya kijani kibichi. Siku ya kuvuna unang'oa shina unakuta mizizi imekwisha kuliwa. Wazungu nao humwita hivyo jasusi aliyepandwa ndani ya idara ya adui akaishi humo kama mwenyeji. Mwandishi John le Carré, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika idara za ujasusi za Uingereza, ndiye aliyelieneza neno hilo katika riwaya yake ya mwaka 1974.

Mchezo wenyewe ulianzia Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaingia Uholanzi mwaka 1999, na huko umeendelea kupendwa miaka mingi na watazamaji mamilioni. Marekani uliletwa na kituo cha televisheni cha ABC mwaka 2001, ukiongozwa na mtangazaji Anderson Cooper. Netflix waliufufua mwaka 2022 wakaupiga picha Australia, kisha mwaka 2024 wakaupeleka Malaysia.

Unakwenda hivi. Watu kumi au kumi na wawili wasiofahamiana wanapewa kazi ngumu za kufanya pamoja: kutafuta vitu vilivyofichwa, kuvuka mito, kufungua makasha kwa muda mfupi. Kila kazi ikifaulu, fedha huongezwa kwenye mfuko mmoja. Lakini mmoja wao ameajiriwa kwa siri na waandaaji ili ahujumu kazi hizo, fedha zipungue. Kila baada ya kazi kadhaa washindani hukaa mmoja mmoja mbele ya kompyuta wakajibu maswali kuhusu fuko tu. Ni mwanamume au mwanamke? Alikuwa kundi gani? Alisafiri katika gari lipi? Anayemjua fuko kidogo kuliko wote anarudi kwao usiku huohuo, na wawili wakilingana, aliyechelewa kujibu ndiye anayeondoka. Anayebaki mwisho anachukua mfuko wote. Kioo cha kompyuta kikiwa kijani umepona, kikiwa chekundu funga mizigo. Nyumbani kwetu kikigeuka chekundu hata baba mtu husimama.

Kwa nini unavuta hivyo? Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani ni kwa sababu unatupa kazi tunayoifanya kila siku bila kulipwa wala kusifiwa. Mama ni mtu wa kuangalia. Tunajua mtoto ana homa kabla hajasema, tunajua kwa mlio wa mlango kama mzee wa nyumba amerudi na habari njema au mbaya, tunaona sukari imepungua kijiko kimoja. Mchezo huu unamkalisha mtazamaji akaambiwa: angalia vizuri, jibu liko mbele ya macho yako. Tena siyo mchezo wa matusi wala wa watu kuvua nguo, jambo ambalo siku hizi mama lazima aliulize kwanza. Watoto waliweka madaftari. Kijana wangu, ambaye kumfanya aandike insha ni vita, alijaza kurasa nne za nani alisimama wapi na nani alikaa kimya.

Wengine mtauliza kuhusu uongo. Fuko analipwa kudanganya wenzake, je hilo ni la kuwatazamisha watoto? Mimi halinisumbui sana. Wote waliingia wakijua kwamba mmoja atawadanganya, kama vile watoto wanaocheza kibe wanavyojua kwamba mmoja atajificha. Kasoro ninazoziona ziko kwingine.

Ya kwanza niligundua katika sehemu ya tatu au ya nne. Kwa kuwa ukimkosea fuko unaondoka, ni faida kwako wenzako wakukisie wewe, ili wao waondoke. Kwa hiyo wale waaminifu nao huanza kuhujumu! Huyu anaangusha kitu makusudi, yule anajifanya hasikii, mwingine anakubali mfuko upungue ili yeye apewe kinga ya kutoondolewa. Mwisho wake huwezi tena kutofautisha mbaya na mwema kwa matendo, maana matendo yamefanana. Mwaka 2022, kati ya watu kumi na wawili (ruka sentensi ifuatayo kama hujautazama), fuko alikuwa Kesi Neblett, na Will Richardson aliyemtambua aliondoka na dola 101,500. Nilirudi nyuma kutazama jinsi wengine walivyokuwa wanaharibu, na naapa wako ambao waliharibu kwa bidii kama yeye aliyelipwa.

Ya pili ni kwamba tunachoangalia siyo kilichotokea. Kuna watu waliokaa na picha za siku nyingi wakachagua dakika chache za kutuonyesha. Wakitaka tumshuku fulani wanatupa uso wake amekunja midomo, pengine alikuwa anaumwa jino tu. Hili niliwaeleza watoto hawakulipenda.

Lakini ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, na lazima nitoke kidogo kwenye mchezo ili niieleze.

Mchezo huo ulioneshwa Marekani kwa mara ya kwanza mwezi Januari na Februari mwaka 2001. Kila wiki watu walikuwa sebuleni wanabishana fuko ni nani. Sasa, Jumapili ya tarehe 18 Februari, mfululizo ukiwa haujaisha, fuko wa kweli alikamatwa katika bustani ya umma huko Virginia, jirani na nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kuweka kifurushi cha siri chini ya kidaraja cha miguu. Jina lake Robert Hanssen, mtumishi wa idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, tangu mwaka 1976. Kwa vipindi tofauti tangu 1979 alikuwa akiuza siri kwa Wasovieti, na baadaye kwa Warusi, kwa zaidi ya dola milioni moja na laki nne za fedha taslimu, almasi na akiba ya benki. Kati ya watu aliowataja, wawili waliuawa kwao. Na mwaka 1988 wakubwa wake walimpa yeye huyohuyo kazi ya kupekua majalada ili kumtafuta fuko.

Mzee huyu alikuwa mume na baba wa watoto sita, na mtu wa kanisani asiyekosa ibada. Mke wake, Bonnie, alikuwa akifundisha dini katika shule ya wasichana. Mwaka 1980 hivi alimkuta mumewe chumba cha chini cha nyumba na karatasi ambazo alijaribu kuzificha haraka. Alimbana. Mume akakiri kwamba amechukua fedha za Warusi, lakini akadai amewauzia mambo yasiyo na maana, anawalaghai tu. Mama huyu akasisitiza waende kwa padri. Wakaenda, mume akaahidi kuacha na kutoa fedha zile kwa maskini. Akaacha kwa muda, kisha akarudia. Mwaka 1990 hata shemeji yake, naye mtumishi wa FBI, alipeleka habari kwa mkubwa wake baada ya kusikia kwamba nyumbani kwa dada yake kumeonekana fedha nyingi taslimu. Hakuna aliyefuatilia.

Mwaka 2002 Hanssen alihukumiwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Juni 2023. Mke aliruhusiwa kupata sehemu ya pensheni kama mjane, hali mume yungali hai. Fikiri kidogo, mama mwenzangu, asubuhi ya Jumatatu ile katika nyumba ile. Watoto sita. Nani anawaambia, na anaanza na neno gani?

Hili ndilo lisiloonekana katika The Mole, wala haliwezi kuonekana. Katika mchezo fuko hana mke, hana mtoto sebuleni. Akitajwa mwishoni, tunaonyeshwa alivyowachezea wenzake, nao wanashika vichwa na kusema "tulikuwa vipofu!" Mwaka ule wa 2001 aliyeshinda ABC alikuwa Steven Cowles, polisi, akapata dola 510,000, na fuko Kathryn Price akapigiwa makofi. Ni haki yake, alifanya kazi aliyoajiriwa. Ila mtoto akitazama mengi ya namna hiyo huenda akadhani kwamba usaliti huishia kwa makofi, na kwamba anayeshuku sana ndiye mwenye akili.

Hapo kwenye kushuku nina jambo jingine. Katika kutembelea nyumba kwa ajili ya kanisa nilipata kukaa na mama mmoja (nimebadili mambo kidogo asijulikane) aliyekuwa na daftari kama la wanangu. Miezi mitatu alikuwa akiandika: Jumanne kachelewa saa mbili, Alhamisi simu imezimwa, fedha za mwisho wa mwezi zimepungua, anakwepa kula nami. Ushahidi wake ulikuwa mzuri kabisa, hakuna hata kimoja alichozusha. Jina la mwanamke alikwisha kulipata, na mabegi alikwisha kufunga. Mume alikuwa anahudhuria kliniki. Alipatikana na kifua kikuu, akaona aibu, akaogopa kazini watajua, naye kula peke yake aliona ndiyo njia ya kuwakinga watoto. Laiti angesema mapema watoto wangepimwa mapema. Nilimkaripia kwa hilo. Mke naye nilimwuliza kwa nini hakuuliza. Akasema, "Niliogopa atajua kwamba nimemgundua."

Hayo ni maneno ya mshindani kabisa. Katika mchezo, ukimwuliza mtu waziwazi umejimaliza. Kazi yako ni kukaa kimya, kuandika, na kusubiri kompyuta. Chuoni tulifundishwa kinyume chake. Unaandika joto, mapigo ya moyo, idadi ya pumzi, unaandika ulichokiona na saa uliyokiona, na jina la ugonjwa huliandiki mpaka mgonjwa ameulizwa na kupimwa. Muuguzi anayeingia wodini akiwa na jina la ugonjwa kichwani ataona dalili zake tu. Mchezoni ni kamari: ukimshika mtu mmoja mapema ukaelekeza majibu yako yote kwake, ukipatia unashinda kwa kishindo, ukikosea unaondoka bila kujua ulikosea wapi.

Bonnie Hanssen yeye aliuliza. Akajibiwa uongo. Kwa hiyo sisemi kwamba kuuliza kunatosha, na sitaki mama yeyote anisome akadhani nasema afumbe macho. Aliona karatasi kwa macho yake, akamwamini mumewe, akaenda naye kwa kiongozi wa dini kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Sijui mimi ningefanya nini zaidi. Binti yangu anajua: "Ningempigia simu polisi siku ileile." Ana miaka kumi na sita.

Kwetu hatujaupiga marufuku mchezo huo. Tunautazama Ijumaa, wote pamoja, sehemu moja tu, mbili kama Jumamosi siendi zamu. Kabla ya maswali ninasimamisha picha, kila mmoja anasema anamshuku nani, na lazima aseme alichokiona kwa macho, siyo "nahisi tu". Kisha mwingine anatakiwa atafute sababu nyingine ya jambo lilelile: labda aliteleza, labda alichoka, labda haoni mbali. Mdogo ndiye hodari wa sababu hizo; mara moja aliwatetea washindani wote waliobaki, tukakosa fuko kabisa.

Na hakuna kuitana fuko mezani. Sheria hiyo niliiweka siku ya wali. Wiki mbili baadaye, bila mtu kumwuliza, binti alikuja jikoni nikiwa namenya vitunguu, akasema wali ule aliuunguza yeye. Alikuwa amekaa sebuleni anatazama sehemu ya mwisho.