Utunzaji wa Nyaraka za Programu Zinazoandikwa na Jamii: Mfano wa MDN Web Docs

Nyaraka za programu ni maandishi yanayomweleza msanidi programu namna lugha au zana fulani inavyofanya kazi. Zinapoandikwa na jamii ya watumiaji, swali la nani ataandika hufuatwa na swali gumu zaidi: nani ataendelea kuyatunza yaliyoandikwa? Makala haya yanafafanua suala hilo kwa kurejelea MDN Web Docs, hazina ya maelezo kuhusu teknolojia za wavuti kama vile HTML, CSS na JavaScript.

Hazina hiyo ilianzishwa na Mozilla mwaka 2005, ikitumia pia maandishi yaliyorithiwa kutoka Netscape. Kwa takriban miaka 15, mtu yeyote aliyejisajili aliweza kuhariri ukurasa moja kwa moja bila kusubiri idhini. Utaratibu huo ulimrahisishia kazi mchangiaji mpya, lakini uliwaachia wahakiki jukumu la kusaka makosa yakiwa tayari yamewafikia wasomaji. Mwezi Desemba 2020, maandishi yalihamishiwa GitHub. Tangu hapo, mchangiaji huchukua nakala ya hazina, hurekebisha faili, kisha hutuma ombi la kuunganisha mabadiliko yake. Mhakiki huyasoma, huuliza maswali na kupendekeza masahihisho kabla ya kuyakubali. Aidha, kumbukumbu ya kila badiliko huhifadhiwa.

Mapitio ya namna hiyo huhitaji muda wa watu. Mwezi Agosti 2020, Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na timu ya MDN iliathirika. Mwezi Januari 2021 ilizinduliwa Open Web Docs, taasisi inayotumia michango ya wafadhili kuwalipa waandishi wa nyaraka hizo. Hatua hii inadhihirisha kwamba kazi ya kujitolea, pamoja na thamani yake, haikuondoa haja ya watunzaji wa kudumu.

Suala la utunzaji hujitokeza wazi zaidi katika tafsiri. Ukurasa wa Kiingereza unaporekebishwa, tafsiri yake haibadiliki yenyewe; msomaji wa tafsiri huweza kuendelea kufundishwa mbinu iliyokwisha kuachwa, bila dalili yoyote ya kumtahadharisha. Kwa sababu hiyo, baada ya uhamisho, lugha zilizokosa kundi la wahakiki ziliondolewa. Kijerumani kilikuwa miongoni mwazo licha ya wingi wa wasomaji wake, na kilirejeshwa mwaka 2024 kwa majaribio ya tafsiri ya mashine. Kifaransa, Kijapani na Kikorea zilibaki kwa kuwa zilipata watu waliokubali kubeba jukumu la mapitio.

Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za hazina hiyo. Kutokana na mfano huu, idadi ya kurasa zilizotafsiriwa haitoshi kuwa kipimo cha mafanikio ya mradi wa Kiswahili wa aina hii. Mfasiri mmoja akiandika "kigeu" na mwingine "kibadilika" kwa dhana ileile, mwanafunzi hudhani anasoma juu ya vitu viwili. Kwa hiyo, kundi dogo la wahakiki, orodha ya istilahi iliyokubaliwa na kurasa chache zinazopitiwa kila chanzo kinapobadilika ni msingi imara kuliko mamia ya kurasa zisizo na mtunzaji.