Kwa Nini Bwawa Hugeuka Kijani Hata Likitiwa Dawa

Jumatatu ya tarehe 8 Agosti 2016, maji ya bwawa la kupigia mbizi katika kituo cha Maria Lenk, Rio de Janeiro, wakati wa Michezo ya Olimpiki, yalikuwa buluu. Kesho yake, wanawake walipopanda jukwaa la mita 10 kushindana wawili wawili, maji yalikuwa kijani kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Bwawa la jirani, la mchezo wa polo ya majini, lilikuwa bado buluu, na aliyetazama kwenye televisheni aliona tofauti waziwazi. Siku moja baadaye nalo likaanza kubadilika.

Waandaaji wa Olimpiki walitaja joto, ukosefu wa upepo, mwani na kushuka kwa alikali. Mwishowe chanzo kikajulikana. Tarehe 5 Agosti, siku ya sherehe za ufunguzi, mkandarasi alikuwa ametia haidrojeni peroksaidi katika maji yenye klorini. Kila moja ya kemikali hizi, ikiwa peke yake, huua vijidudu. Zikikutana, hushambuliana zenyewe, na kinachobaki ni maji, oksijeni na kloridi. Mwani haukuwa tena na wa kuuzuia.

Yaliyotokea Rio mbele ya kamera hutokea kimyakimya katika nyumba za Masaki, Dar es Salaam, na Nyali, Mombasa. Mwenye bwawa huona maji yamefifia, akamwaga klorini. Yakikataa kung'aa, humwaga nyingine. Wakati mwingine klorini haijapungua hata kidogo. Imo majini, ila imefungwa mikono.

Anayeifunga ni pH, kipimo kinachoonyesha maji yana uasidi au ualikali kiasi gani. Klorini ikiyeyuka majini hugawanyika katika sura mbili. Ya kwanza ni asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya haraka ukuta wa bakteria na kumuua. Ya pili ni haipokloraiti, iliyo dhaifu mara nyingi zaidi. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini huwa katika ile sura kali. Ikifika 7.5 hubaki nusu, na ikifika 8 hubaki robo tu. Kwa hiyo mabwawa mawili yanaweza kuwa na klorini sawasawa kwenye kipimo, moja likawa salama na jingine likawa limebakiza nguvu kidogo sana. Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni pH ya 7.2 hadi 7.8, pamoja na klorini huru isiyopungua miligramu 1 kwa kila lita, au 2 pale inapotumika dawa ya kukinga klorini na jua.

Na ile harufu kali inayomfanya mgeni aseme, "Hapa wameweka klorini nyingi"? Mara nyingi ni kinyume chake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hutengeneza kloramini, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Ndiyo maana kuoga kabla ya kuingia majini ni sehemu ya matibabu ya maji: kila tone la jasho linalobaki bafuni ni klorini iliyookolewa.

pH nayo haitulii yenyewe. Inashikiliwa na alikali, yaani akiba ya bikaboneti iliyomo majini, ambayo humeza asidi au besi inayoingia kabla haijabadilisha kipimo. Akiba ikiwa ndogo, mvua moja kubwa au kopo la asidi hutosha kuirusha pH huku na kule. Wataalamu wengi hutaka alikali iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Kuipandisha hutumika bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayoumua keki. Kupandisha pH hasa hutumika kaboneti ya sodiamu, na hapa Afrika Mashariki ina ghala lake la asili: Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako imechimbwa kwa zaidi ya miaka 100.

Kisha kuna suala la mahali maji yalikotoka. Visima vingi vya pwani, vikiwemo vya Unguja na Mombasa, vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, jiwe lile lile ambalo mafundi walilichoma kupata chokaa. Maji yake ni magumu, yamejaa kalsiamu. pH ikipanda, kalsiamu huganda kwenye vigae na mabomba kama ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai. Mwanza na Kisumu shida ni nyingine: maji ya Ziwa Victoria ni laini, na maji laini hujitafutia kalsiamu kwa kula saruji iliyo kati ya vigae. Mwaka 1936 Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa hesabu ya kutabiri kama maji yataacha ukoko au yatakula kuta, kwa kutazama pH, alikali, kalsiamu, chumvi na joto kwa pamoja. Aliitengeneza kwa ajili ya mabomba ya miji. Mafundi wa mabwawa wanaitumia hadi leo.

Jua la tropiki nalo lina deni lake. Miale yake huvunja klorini, na zaidi ya nusu inaweza kupotea kwa saa chache. Asidi ya sayanuriki, iliyomo katika vidonge vingi vya bwawa, huikinga. Lakini yenyewe haipotei: kila kidonge huongeza nyingine, na ikizidi huifanya klorini iwe nzito kufanya kazi. Njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mapya.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita kunahitaji gramu 96 za klorini halisi, yaani karibu gramu 150 za unga wa asilimia 65. Hiyo ni chini ya robo kilo, wala si ndoo.

Utaratibu ni kupima kwanza, kurekebisha alikali, kisha pH, ndipo klorini, pampu ikiwa inazunguka, na kuandika vipimo daftarini. Asidi humiminwa katika maji, kamwe maji yasimiminwe katika asidi. Asidi na klorini zisikutane ndani ya chombo kimoja, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Na unga wa klorini usichanganywe na vidonge vya aina nyingine, kwani mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Rio hawakuwa na muda wa kurekebisha polepole. Waogeleaji wa kisanii, ambao lazima waonane chini ya maji, walikuwa wakisubiri zamu yao katika lile bwawa la polo. Ilibidi limwagwe lote, na takriban lita milioni 3.7 za maji safi zikavutwa kutoka bwawa la mazoezi.