Neno 'Manyanga': Maana na Uhusishi Wake

Watahiniwa wengi hulisikia neno 'manyanga' kwenye steji, kisha hulitumia katika majibu ya isimu jamii (karatasi ya 102/2) pasipo kulipima. Makala haya yanafafanua maana zake tatu.

(a) Maana ya kamusi
Manyanga ni vibuyu vidogo vilivyotiwa mbegu, ambavyo hutikiswa ili kutoa mlio katika ngoma na uganga.

(b) Maana ya steji
Katika miaka ya 1990 vijana wa Nairobi waliziita hivyo matatu mpya zilizorembwa, zenye muziki wa kishindo na mwili uliolainishwa. Umbo laini hupunguza ukinzani wa upepo. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani huo huongezeka takriban mara nne; kwa hiyo katika msongamano umbo hilo halina faida kubwa. Isitoshe, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilizilazimu matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Basi umbo huuza wazo la kasi kuliko kasi yenyewe. Uhusishi wake ni upya, ujana na fahari. Pikapu ya miraa kutoka Maua hukimbia ili mzigo ufike ukiwa mbichi, lakini sijasikia ikiitwa manyanga: hiyo ni gari la kazi.

(c) Maana ya sitiari
Neno hili pia humrejelea msichana mrembo. Katika shule yetu, kando ya barabara ya Embu–Meru, mvulana wa kidato cha tatu aliandika, "Yule msichana ni manyanga." Nilimpa alama zote kwa kutambua sitiari. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, manyanga ikichakaa huuzwa. Na msichana je?" Darasa likanyamaza. Nilitambua kwamba nilikuwa nimesahihisha nusu ya jibu tu. Sitiari haihamishi urembo peke yake. Huja na mwenye gari, bei na kuchakaa.

Kwa hivyo, mtahiniwa asiishie kutaja "sitiari". Aeleze:
(i) kinachofananishwa na kinachofananishiwa;
(ii) sifa zinazohamishwa, nzuri na mbaya;
(iii) mtazamo wa msemaji unaofichuliwa.

Zoezi
Chagua neno moja la steji ya Embu au Meru mjini linalotumiwa kuwarejelea watu. Fafanua maana yake ya msingi na uhusishi wake. (alama 6)