Makabati Yenye Sauti: Vinara wa Gramafoni za Kale

Gramafoni iliyobadilisha sebule kuliko zote haikuwa na pembe ya kuonekana. Mwanzoni mwa karne ya 20, mashine ya kupigia santuri ilijulikana kwa pembe yake kubwa iliyochomoza juu, ikashika vumbi na kuziba nafasi ya chumba. Mwaka 1906 Eldridge Johnson, fundi mitambo aliyeasisi kampuni ya Victor huko Camden, New Jersey, aliigeuza pembe ile ielekee chini, akaificha ndani ya kabati refu la mbao na kuliita Victrola. Mbele aliweka milango miwili midogo, nayo haikuwa pambo: ukiifungua yote sauti hutoka kamili, ukiirudisha kidogo hupungua. Bei yake ilikuwa dola 200. Miaka miwili baadaye Ford alianza kuuza gari la Model T kwa dola 850, kwa hiyo mwenye Victrola alikuwa amelipia samani ya kuimba karibu robo ya bei ya gari. Makabati ya mwanzo yalitengenezwa na maseremala wa kiwanda cha Pooley, Philadelphia, na yale yenye kifuniko bapa ndiyo wakusanyaji wanayoyatafuta kwa udi na uvumba.

Thomas Edison, aliyebuni fonografu mwaka 1877, alichelewa kuufuata mtindo huo. Amberola yake, kabati la kwanza la Edison lililoficha pembe, lilitoka mwaka 1909, nalo bado lilipiga silinda za kurekodia sauti wakati wanunuzi wengi walikwisha kuhamia kwenye santuri bapa. Alipokubali kutengeneza santuri, mwaka 1912, alitengeneza zilizo nene kuliko za mtu yeyote: karibu milimita 6. Sindano yake ilikuwa ya almasi na haikubadilishwa, ilhali sindano ya chuma ya Victor ilitakiwa kutupwa kila baada ya upande mmoja. Ndani ya kabati la Edison pembe nzima husukumwa na gia, ikatembea taratibu pamoja na sindano mpaka mwisho wa wimbo. Ukifungua kabati hilo na kutazama gia zikifanya kazi, unaelewa kwa nini wapo watu waliotoa maisha yao yote kwa mashine hizi.

Edison pia aliendesha majaribio mengi ya hadharani ya mashine hizi. Kuanzia 1915 hadi katikati ya miaka ya 1920, maonyesho zaidi ya 4,000 yalifanyika Marekani. Mwimbaji alisimama kando ya kabati, akaimba pamoja na santuri yake mwenyewe, kisha taa zikazimwa na hadhira ikatakiwa itambue lini mtu amenyamaza na mashine imebaki peke yake. Aprili 28, 1916 Marie Rappold alifanya hivyo katika ukumbi wa Carnegie, New York. Miaka mingi baadaye mwimbaji mwingine wa maonyesho hayo, Anna Case, alieleza kwamba alikuwa akipunguza sauti yake ilingane na ya mashine. Kwangu mimi maelezo hayo hayamshushi Edison. Mashine iliyomfanya mwimbaji wa opera aisikilize kwa makini na kujipima nayo ilikuwa mashine ya kuheshimiwa.

Kwa ukubwa wa sauti, hakuna iliyoishinda Auxetophone. Mhandisi Charles Parsons wa Uingereza, yule yule wa tabo ya mvuke, aliikuza sauti kwa hewa iliyoshindiliwa: sindano ilitikisa vali ndogo, na vali ikaikatakata hewa iliyopita kwa nguvu kuelekea kwenye pembe. Ilihitaji mota ya umeme ya kusukuma hewa, na Victor waliiuza kwa dola 500. Ilifaa kumbi na mikahawa mikubwa, si chumba cha familia.

Miongoni mwa santuri kubwa kuliko zote zilikuwa za Pathé wa Ufaransa, zenye kipenyo cha sentimita 50. Iliyopiga kwa muda mrefu zaidi katika zama hizo ni ya Edison ya mwaka 1926, dakika 40 kwa pande mbili, lakini haikudumu sokoni.

Taji lenyewe nalitoa kwa Credenza. Victor waliionyesha kwa umma Novemba 2, 1925, mwaka ule ule walipoanza kurekodi kwa umeme, na iliuzwa dola 275. Joseph Maxfield na Henry Harrison, wahandisi wa Western Electric, walichukua hesabu zilizotumika kwenye nyaya za simu wakazitumia kwa vitu visivyo na umeme hata kidogo: sindano, utando wa alumini, na pembe iliyokunjwa ndani ya kabati kiasi kwamba ukiinyoosha inafikia takriban mita 1.8. Besi ikasikika kwa mara ya kwanza kama besi. Piano, ambayo kwenye mashine za zamani ilikuwa na sauti ya bati, ikarudi kuwa piano. Yote hayo kwa nguvu ya kamani iliyozungushwa kwa mkono. Miaka miwili baadaye Victor walitoa kabati la dola 600 lililobadilisha santuri 12 lenyewe, ajabu ya mitambo kwa kweli, ila mimi ningechagua Credenza na kuinuka kila baada ya dakika tatu au nne.

Kuzifufua mashine hizi kunahitaji subira kuliko nguvu. Kamani hukaa ndani ya pipa la chuma, na grisi yake ya miaka mia huwa imeganda kama lami. Fundi huitoa, huiosha na kuipaka grisi mpya, akikumbuka kwamba kamani ikifyatuka huweza kukata vidole. Kichwa cha sauti cha mashine nyingi za kabla ya 1925 kina utando wa ulanga ulioshikwa na vipete vya mpira. Mpira ukikauka sauti hukwaruza, na vipete vipya huiponya. Adui mkubwa zaidi ni zinki mbovu iliyotumika kwenye sehemu nyingi za miaka ya 1920. Huvimba na kupasuka kutoka ndani, na ukiilazimisha kufunguka hugeuka vipande mkononi.

Mbao nazo zina siri yake. Vanishi ya makabati mengi ni shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India, na utomvu huo huo ndio uliofinyangiwa santuri za kawaida. Spiriti huuyeyusha. Kitambaa kimoja chenye spiriti kinaweza kuharibu kabati na santuri kwa mkupuo mmoja.

Hayo yanatuhusu pia huku pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, na santuri zenye picha ya mbwa Nipper zikauzwa katika maduka ya Afrika Mashariki. Zipo nyumba Unguja, Mombasa na Lamu ambamo masalio ya zama hizo bado yanaweza kuwa yamekaa chini ya kitanda au stoo.

Kama kwenu ipo gramafoni ya babu, usiipige msasa wala usiipake rangi. Usizungushe kamani kabla fundi hajaisafisha, wala usipige santuri ya zamani kwa sindano iliyokwisha kutumika. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, hifadhi hata skrubu iliyodondoka, andika jina la aliyeinunua na mji alikoinunua, halafu mtafute fundi wa saa mwenye subira.