Uyoga wa Ubavuni: Shahidi wa Mti Unaooza

Askari ye yote aliyepata kufanya doria katika misitu kama Mabira au Budongo, nchini Uganda, ameuona uyoga mgumu uliojibandika ubavuni mwa mti mithili ya rafu. Wengi wetu huupita tu. Lakini uyoga huo ni shahidi, na yatupasa kuusikiliza kabla ya kuchagua mahali pa kupiga kambi.

Kwanza tufahamu kwamba tukionacho ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizopenya ndani ya mti, nazo ndizo zinazoula. Kwa hiyo kuukata uyoga kwa panga hakuuponyi mti.

Ili kuutambua, tuangalie unapoota. Ule mwembamba, mwekundu kama chungwa lililoiva sana, ambao wataalamu huuita Pycnoporus sanguineus, aghalabu huota juu ya magogo na matawi yaliyokufa. Tukiuona juu ya vichwa vyetu, tujue tawi hilo laweza kuanguka.

Jamii ya Ganoderma ni ya kuhofiwa zaidi. Ni migumu kama ubao. Juu ina rangi ya kahawia au nyekundu, na mingine hung'aa kana kwamba imepakwa vanishi. Chini ni nyeupe, yenye vitundu vidogo mno, na mara nyingi ukiikwaruza kwa ukucha ingali mbichi, alama hugeuka kahawia. Baadhi yake hushambulia mizizi na shina. Mti waweza kuwa na majani mabichi, kumbe miguu yake imekwisha, ukangoja upepo tu.

Kuna dalili nyingine ya kumfaa mpelelezi. Vitundu hivyo daima hukua vikielekea ardhini. Tukikuta gogo ambalo uyoga wake umesimama wima kama sahani iliyoegemezwa, uliota mti ungali umesimama. Ukiwa umelala sambamba na ardhi, uliota baada ya mti kuanguka.

Basi kabla ya kufunga hema au kamba, tuuzunguke mti, tuchunguze shina lake, kisha tutazame juu. Tukiona rafu hizo, tusogee mbali kupita urefu wa mti huo. Wala mtu asiuonje uyoga asioujua. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nacho kiulacho mti ki moyoni mwake.