Mwanasheria wa kamati si mtu wa kuonwa

Swali ni lile lile, liulizwe Lodwar, Kakuma au kule Todonyang mpakani: "Wakili, yule mwanasheria anayeketi na kamati, hawezi kuonwa?" Huniuliza mhasibu aliyepokea barua ya mashtaka kutoka kwa taasisi ya wahasibu, ICPAK. Huniuliza vilevile mwekahazina wa kikundi cha wavuvi aliyemshtaki mkaguzi wa hesabu na sasa anataka faili "isukumwe" kidogo. Mahasimu hawa hawapatani kwa lolote isipokuwa hili moja: wote wanaamini kwamba wajumbe wa kamati ya nidhamu wamekuja kujaza viti, na mwenye neno la mwisho ni mwanasheria aliye ubavuni pa mwenyekiti.

Nimechoka kulijibu faraghani, mmoja baada ya mwingine. Nalijibu hapa mara moja.

Tuwatenganishe watu kwanza. Kikao cha nidhamu kinaweza kuwa na wanasheria wa aina nne, na wote huja na suti na mafaili. Kuna anayewasilisha mashtaka kwa niaba ya taasisi. Huyo ana upande. Kuna wakili wa mhasibu anayeshtakiwa. Naye ana upande. Mara nyingine mlalamishi huja na wakili wake, ingawa mlalamishi kwa kawaida ni shahidi tu, kwa sababu kesi ni kati ya taasisi na mwanachama wake, si kati ya kikundi chenu na mkaguzi wenu. Wa nne ndiye mshauri wa sheria wa kamati. Huyu hana upande, hana mteja humo ndani, na hana kura.

Kwa nini awepo basi? Kwa sababu wahasibu wanajua hesabu. Wawekee mizania mbele yao, wataona palipopindwa kabla hujamaliza kufungua ukurasa. Lakini nani ana mzigo wa kuthibitisha? Je, maneno ya mtu asiyekuja kuhojiwa yapokewe? Mashtaka yanaweza kubadilishwa kesi ikiwa katikati? Mshtakiwa asipofika, kikao kiendelee au kiahirishwe? Hayo hayamo kwenye mtihani wa uhasibu wa KASNEB kwa kiwango cha kuendesha kesi. Ndiyo maana ACCA, chama cha wahasibu chenye makao London na wanachama hapa Kenya, huziketisha kamati zake za nidhamu pamoja na mshauri wa sheria anayeshauri lakini haamui.

Chukua mfano. Mkaguzi ametia sahihi hesabu za kikundi cha wavuvi cha Todonyang. Hesabu zinasema kikundi kina mashua tatu, injini mbili na friza ya sola. Mkaguzi hajawahi kukanyaga ufuo huo; alitumiwa picha kwa WhatsApp. Kumbe injini moja iliuzwa miezi mingi kabla ya picha kutumwa. Anashtakiwa kwa kukosa uaminifu. Mshauri wa sheria katika kamati ya ACCA atawaambia wajumbe takriban hivi: kwanza amueni mtu huyu alijua nini na aliamini nini alipotia sahihi; kisha jiulizeni kama watu wa kawaida wenye heshima zao wangeuita mwenendo huo udanganyifu. Kipimo hicho kilitolewa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2017, katika kesi ya mcheza kamari Phil Ivey aliyekuwa akidai kasino imlipe ushindi wake.

Hapo kazi ya mshauri imekwisha. Kama mkaguzi alijua injini imeuzwa, kama alidanganywa na picha, au kama alizembea tu, hayo ni ya wajumbe. Mshauri akithubutu kusema "huyu ni mwongo", amevuka mpaka wake, na wakili anayejua kazi atasimama papo hapo kupinga. Na mkaguzi asidhani kuponea kwenye udanganyifu ndiko kupona. Sheria ya Wahasibu ya Kenya ya mwaka 2008 inahesabu uzembe uliokithiri kuwa utovu wa nidhamu, pamoja na kutoa maoni juu ya hesabu ambazo hukuzichunguza.

Sasa turudi kwenye imani yenyewe. Naijua inakotoka. Watu humwona mshauri akimnong'oneza mwenyekiti. Humwona akiandika huku wengine wakisikiliza. Humwona akiingia na wajumbe katika chumba cha ndani, mlango unafungwa, na wakitoka uamuzi umeiva. Tena analipwa na taasisi. Mtu akijumlisha hayo anajiambia: huyu ndiye mwenye kesi.

Hoja ya malipo ni dhaifu kuliko zote. Jaji wa Mahakama Kuu analipwa na Serikali, na kila siku huamua kesi ambazo Serikali ni mshtaki. Mshahara peke yake hauthibitishi upendeleo. Kinachothibitisha ni mwenendo, na mwenendo wa mshauri umewekewa masharti makali kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Uingereza ilisikiliza shauri la dereva wa pikipiki aliyeitwa McCarthy, aliyepatikana na hatia ya kuendesha vibaya baada ya ajali. Mahakimu waliomhukumu hawakuwa wanasheria. Walikuwa na karani wa kuwashauri sheria, na karani huyo aliingia nao chumba cha ndani. Baadaye ikajulikana kwamba kampuni ya mawakili aliyokuwa mshirika wake ndiyo iliyokuwa ikimwakilisha mtu aliyemdai McCarthy fidia kwa ajali ile ile. Mahakimu wakala kiapo kwamba hawakumwuliza chochote na yeye hakusema neno. Jaji Mkuu Hewart aliwaamini, na bado akaifuta hatia. Msimamo wake ndio mawakili wa Kenya wanaounukuu hadi leo: haitoshi haki itendeke, lazima pia ionekane wazi kwamba imetendeka.

Soma tena tukio hilo polepole. Karani hakupokea hata senti. Hakunong'ona. Aliingia tu chumbani akiwa na uhusiano asiopaswa kuwa nao, na kesi nzima ikaanguka. Sasa wewe unataka kumpigia simu mshauri usiku, umkaribishe chakula hotelini Lodwar, umtumie "kitu kidogo" kwa M-Pesa halafu uamuzi ukae? Hata ukishinda, umeujenga ushindi wako juu ya mchanga. Upande wa pili ukigundua, ushindi wako unafutwa na mnaanza upya, safari hii mkiwa na faili jipya lenye jina lako.

Ukanda wetu nao ulishalisema jambo hili. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya De Souza dhidi ya Baraza la Mji wa Tanga, mfanyakazi akipinga kufukuzwa kwake. Kanuni inayochukuliwa kutoka kesi hiyo ni kwamba misingi ya haki ikivunjwa, uamuzi si uamuzi, hata kama kikao kingefika pale pale kwa njia safi. Kwa hiyo usiniambie "lakini nilikuwa na haki". Huenda ulikuwa nayo. Umeiharibu mwenyewe.

Na ushauri wa chumba cha ndani? Huo nao una dawa yake, na dawa hiyo haihitaji broka. Mwaka 2000 Baraza la Faragha la London, katika rufaa ya daktari Nwabueze dhidi ya baraza la madaktari la Uingereza, lilisema kwamba mshauri wa sheria akitoa ushauri mlango ukiwa umefungwa, wahusika waelezwe ushauri huo ulikuwa nini, wapewe nafasi ya kuusemea, na kamati iyasikie maoni yao kabla ya kutangaza uamuzi. Yaani siri mnayotaka kuinunua ni kitu mnachoweza kukidai hadharani, bure, kwa sentensi moja: "Mwenyekiti, tunaomba ushauri wa sheria mliopewa usomwe, nasi tuujibu." Uamuzi huo hauifungi kamati ya Nairobi kama sheria ya Bunge inavyoifunga, lakini hoja yake inalala vizuri kabisa ndani ya Kifungu cha 47 cha Katiba yetu, kinachompa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki.

Mshauri mwenye akili akiguswa na upande mmoja hufanya jambo moja: hulitangaza mbele ya kamati na upande wa pili, liandikwe. Kuanzia hapo mhasibu hana shtaka moja tena, ana mawili. Uadilifu ni kanuni ya kwanza katika maadili ya wahasibu, na hongo ni jinai. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamruhusu hakimu kumfunga mtoaji hadi miaka 10, au kumtoza faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Yule anayewaambia "mimi namjua mwanasheria wa kamati" hatafungwa pamoja nanyi. Atakuwa amezima simu.

Kuna pingamizi moja la kweli dhidi ya mshauri, na ajabu ni kwamba hakuna anayeniuliza habari zake. Ni kofia mbili. Ikiwa mwanasheria aliyechunguza malalamishi au kuandika mashtaka ndiye yule yule anayeketi na kamati kuishauri, una sababu ya kulalamika. Mwandishi wa mashtaka hawezi kuwa mshauri wa wanaoyapima. Pinga siku ya kwanza, kabla shahidi hajafungua kinywa, na hakikisha pingamizi limeandikwa kwenye kumbukumbu. Ukinyamaza miezi sita ukisubiri uone upepo, kisha ukalikumbuka baada ya kushindwa, jaji wa rufaa atakuuliza ulikuwa wapi.

Usitarajie pia kwamba kamati ni mahakama kamili. Mwaka 2015, katika kesi ya Tume ya Huduma ya Mahakama na Jaji Mbalu Mutava, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba haki ya Kifungu cha 47 na ile ya kusikilizwa mahakamani chini ya Kifungu cha 50 ni haki mbili tofauti. Wakili anayepoteza asubuhi nzima akidai kila kanuni ya kesi ya jinai ifuatwe mbele ya kamati ya wahasibu anakula ada yako bure.

Yaliyobaki ni mafupi, nami nayasema kwa haraka kwa kuwa ni ya kufanya, si ya kubishania.

Wewe mlalamishi, hakikisha kwanza mtu wako ni mwanachama wa ICPAK. Kufaulu mitihani ya KASNEB si uanachama, na kuitwa "CPA" na kijiji kizima si leseni ya ukaguzi. Hili ni muhimu zaidi Kakuma na Kalobeyei, ambako vikundi vya wakimbizi huombwa na wafadhili hesabu zilizokaguliwa na huangukia mikononi mwa yeyote mwenye muhuri. Asipokuwa mwanachama, kamati haina la kumfanya. Peleka habari kwa wapelelezi wa jinai, DCI. Akiwa mwanachama, andika malalamishi yenye tarehe, barua ya kumwajiri, ripoti aliyotia sahihi na nakala za daftari, si historia ya ugomvi wenu. Jua pia kwamba njia ya nidhamu ni ya kumrudi mhasibu: kumpa onyo, kumsimamisha, kumfuta kwenye rejista. Si ya kuwarudishia fedha. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lina Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Migogoro ya vyama vya ushirika ina baraza lake. Wizi una polisi.

Wewe mhasibu, jibu barua ndani ya muda uliopewa. Kujificha Todonyang hakusimamishi kikao. Vyombo vya nidhamu huendelea bila mshtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya daktari Adeogba, ilisema mtaalamu ana wajibu wa kujitokeza kwa chombo kinachomsimamia. Tafuta wakili barua ya kwanza ikifika, si usiku wa kuamkia kikao. Chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, dai ushahidi utakaotumiwa dhidi yako, nafasi ya kuwahoji mashahidi na sababu za uamuzi kwa maandishi. Kama nauli ya Nairobi ni mzigo, omba mapema kusikilizwa kwa video, na siku hiyo keti Lodwar penye mtandao wa kutegemewa. Shahidi wako asiyejua Kiingereza aombewe mkalimani kwa barua, si kwa malalamiko ya asubuhi hiyo.

Barua ya "tumeelewana" kutoka kwa mlalamishi iwasilishe, lakini usiitegemee: taasisi ndiyo mshtaki, na inaweza kuendelea bila yeye. Usikimbilie zuio la mahakama kabla kamati haijaketi. Sheria hiyo hiyo ya 2015 inataka umalize kwanza njia za ndani. Uamuzi ukikuumiza, rufaa ni Mahakama Kuu, na siku zinahesabiwa. Kitakachoibeba rufaa hiyo ni kumbukumbu za kikao: pingamizi ulilotoa, ushauri uliodai usomwe, jibu ulilolitoa juu yake. Kilichosemwa kwenye simu usiku hakimo humo, na kikiingia humo, kitaingia kama ushahidi dhidi yako.